Salamu ya Baba Yako Kwenye Bafta

Amekubali! Bwana Tavio amekubali sharti langu lote, mbele ya mashahidi, na mkono nimempa, nikiufunika kwa ncha ya leso. Utakwenda naye Ulaya, na atakurudisha yeye mwenyewe. Utepe wa picha wenye baba yako atakuja nao, na kasha la taa atakuja nalo, na picha zitaonyeshwa hapa hapa uani petu Kivinje. Nimeshindwa kungoja urudi nikwambie. Najua uko kwake unafunga makasha, na hutafika mpaka mimi nimelala, nami nikilala huniamshi hata kwa ngoma. Basi nimeona niandike.

Haya, sasa salamu. Kwako mwanangu Hamisi bin Salumu, jicho langu, fundi wa picha zinazokwenda, wa kwanza na wa pekee pwani hii tangu Kilwa mpaka Lindi. Asiyekubali hivyo anibishie mimi. Mama yako Mwanaidi hajambo, goti tu ndilo linalolalamika. Mikate ya safari imeshaiva, iko kwenye kikapu, na jirani Bi Tatu amekwisha kuonja miwili kwa kisingizio cha kuangalia chumvi.

Mambo ya kuvaa, kula na kuswali sikuandikii. Kama sikukufundisha miaka yote hii, karatasi haitakufundisha. Nakuandikia mengine, na vumilia mwandiko wangu. Elimu yangu ni ya chuoni, nilikhitimu msahafu na nikajifunza kuandika kwa kumchungulia kaka yangu, na hata hivyo barua za nusu ya wanawake wa mtaa huu huandika mimi. Wewe mwenye herufi za Kizungu usinicheke.

Unakwenda na mtu, lazima umjue. Wewe unamjua Bwana Tavio kwa kazi, mimi namjua kwa jikoni. Alipofika Kivinje mara ya kwanza, kabla ya vita, Wadachi wa mashamba ya pamba ndio waliomwajiri apige picha za pamba ikichumwa. Nyumba za Wazungu zilikuwa zimejaa, na nyumba yenye chumba cha juu kinachofaa mgeni ilikuwa hii ya bibi yangu, ambayo baba yako alikuwa ameipaka chokaa mpaka inaumiza macho. Akaja, mrefu, mwembamba, sharubu kama mkia wa ng'ombe aliyenyeshewa. Nikamwambia baba yako, "Huyu tukimlisha mwezi mmoja atapasuka." Baba yako akasema, "Mlishe wewe, mimi nitampangusa akipasuka." Basi nikamlisha, na kila mtu Kivinje anajua kuwa Mzungu wa kwanza kuomba aongezwe wali wa nazi aliuomba kwangu.

Alikuwa anashuka jikoni jioni, anakaa juu ya kinu kilicholala, anazungumza. Kiswahili chake kilikuwa kama mtu anayepita kwenye matope, lakini alifika. Kwao ni mji mdogo wa Utaliani, penye mto na ukungu mzito, mpaka mtu huita kwanza kabla ya kuvuka njia asije akamgonga jirani. Mama yake alikuwa mfuaji wa nguo za matajiri. Baba hakumjua. Alipokuwa mdogo mama yake alimpeleka kwa fundi wa vioo vya kujitazamia, akavunja kioo kimoja kikubwa, akafukuzwa. Akapelekwa kwa mpiga picha. Na kwao, mtoto akifa, humvisha nguo nzuri, wakamkalisha kitini, akapigwa picha ili wazazi wabaki nayo. Kazi yake Bwana Tavio ilikuwa kujificha nyuma ya kiti na kushika kichwa cha maiti kisianguke. Na wazima nao wakija kupigwa picha, kazi yake ni kuwaambia wasicheke, wasipepese, watulie. Aliniambia, "Mama Hamisi, mimi choka. Maiti natulia, mzima natulia, wote sawa." Siku picha zinazokwenda zilipofika mjini kwao, kwenye hema la sokoni, akamwona mtu kwenye nguo nyeupe iliyotundikwa anakohoa na kuvua kofia. Hakurudi tena kwa mpiga picha, hata ujira wake hakwenda kuuchukua.

Akatembea na watu wa mahema, kasha mgongoni, soko hili mpaka soko lile. Lile kovu mkononi mwake, ulilodhani ni la vita, ni la hema. Utepe ulishika moto, na hema likashika moto, na ndugu yake aliyekuwa akishika taa hakutoka. Ndiyo maana anakukemea ukipita na moto, hata ukiwa mbali na mikebe ya tepe. Usikasirike akikukemea. Hakukemei wewe, anamkemea ndugu yake atoke.

Baada ya moto ule akapanda meli, hakutaka tena kukaa mahali. Amepiga picha milima inayotoa moshi, na wafalme wakishuka ngazi, na samaki wakubwa wakikatwa. Lakini picha moja hajapata kumwonyesha mtu. Aliipiga kabla ya kuondoka kwao. Ni mama yake, anafua nguo mtoni, anapiga shuka juu ya jiwe. Mama yule alikufa mwanawe yuko baharini. Utepe huo upo kwenye mkebe mdogo wenye kutu uliofungwa kwa kamba nyekundu, ule uliokuwa ukiniuliza una nini. Aliniambia kuwa wimbo anaoguna akizungusha mkono wa kasha, ule wa kumfanya azungushe sawasawa, asiharakishe wala asizembee, ni wimbo wa mama yake wa kufulia.

Nawe unaguna wimbo wangu wa kutwanga. Ulidhani sijui? Nilikusikia siku ulipopiga picha gwaride la askari, uso umeukaza kama Mdachi, na kinywani wimbo wa mama yako wa kutwanga mtama. Nikamwambia Bi Tatu, "Sikiliza, askari wote wale wanatembea kwa mchi wangu." Bi Tatu akasema, "Na ndiyo maana wengine wanachechemea." Mwache. Wivu.

Sasa nifike kwa baba yako, maana ndiko ninakoogopa kufika.

Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umetoka jandoni. Serikali ilitaka mafundi wa chokaa wapelekwe bara wakajenge ghala na ukuta wa boma, na jina la baba yako likasomwa la kwanza, maana hapakuwa na fundi kama yeye. Mimi nilijigamba sokoni kwamba mume wangu ameitwa wa kwanza. Kisha nikarudi nyumbani nikaanza kulia na kumgombeza. Nilikuwa nimeota vibaya, na maneno ya bara yalikuwa mabaya, watu walikuwa wakinong'ona juu ya dawa ya maji na juu ya hasira za mashamba ya pamba. Nikamwambia asiende. Akasema, "Mwanaidi, asiyekwenda hupelekwa kwa mnyororo. Bora nikatembee na mwiko wangu mkononi." Nikamwambia neno nililojutia: "Basi ukienda, usipite chini ya dirisha langu kunisalimu. Sitakuitika."

Asubuhi yake msafara ulijipanga mbele ya forodha na kupita mtaani kwetu. Bwana Tavio alikuwa ameweka kasha lake kwenye kona, anazungusha. Nami nilifunga dirisha. Nilikaa nyuma ya ubao nikasikia miguu inapita, nikamsikia baba yako anasema kwa sauti, "Asalaamu alaikumu, wa nyumba hii." Aliipaza ili nisikie. Sikuitika. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi, ukanitazama. Salamu ni deni kwa Mungu, hata mtoto wa chuoni anajua, na mimi nikaiacha njiani kama maji machafu.

Utepe wa siku ile ulikwenda Ulaya kwa meli kuoshwa, sisi hatukujua kumetoka nini ndani yake. Halafu vita vikazuka.

Ya vita unayajua, uliyaona mwenyewe, sitayarudia yote. Nitakwambia moja tu ambalo hulijui, kwa sababu linamhusu huyo unayekwenda naye. Waliponyonga watu hapa Kivinje, bwana mmoja wa vita wa Kidachi alimwamuru Bwana Tavio apige picha. Alikuja jikoni amepauka kama unga. Akafungua kasha, akatoa parafujo moja ndogo, akanipa. Nami nilikuwa nakanda mikate. Nikaisokomeza katikati ya donge. Askari wakaja, wakageuza chumba chake, wakageuza vitanda vyetu, wakaja jikoni, mmoja akaniuliza, "Mama, unaficha nini?" Nikamwambia, "Njaa. Nikusaidie kuitafuta?" Wakaondoka. Kasha halikuzunguka siku ile. Walimfukuza kazi, akaondoka kwa jahazi kwenda Unguja hana kitu ila makasha yake. Ile parafujo nilimpa ndani ya mkate, akaenda nao hivyo hivyo. Wapo wanaosema Bwana Tavio ni mwoga, hupenda kucheka na kila mtu. Mimi nasema nilichokiona kwenye unga wangu.

Vita vikaisha, ikaja njaa, na baba yako hakurudi. Akarudi baba yako mdogo Mfaume. Alikuja kutoka kwake Miteja, amekonda, meno yote nje, akakaa barazani, akasema, "Shemeji, kaka amefariki. Homa na njaa, ndani ya boma tulimozungukwa. Nimemzika kwa mikono yangu chini ya ukuta aliouchapia chokaa mwenyewe. Hapakuwa na sanda, nilimfunika kwa shuka yangu."

Unakumbuka nilivyomfanya? Nilimwambia, "Muongo! Wewe hukuwa naye."

Akasema, "Shemeji, nilikuwa nyuma yake tangu Kivinje."

"Siku ile wewe ulikuwa Miteja, unalima. Nani alikuona? Unataka tumlie Salumu ili uje unirithi na nyumba!"

Akainuka, akachukua bakora yake. Alisema tu, "Ungefungua dirisha ungeniona." Na mimi hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, nikalifunika kwa matusi mpaka akapotea njiani.

Basi nikaanza kazi ya kumfanya baba yako awe hai. Sikukaa eda. Sikuweka matanga. Aliyekuja kunipa pole nilimpa jibu. "Salumu wangu si wa kufa kama kuku," nilisema, "atarudi na mwiko wake." Kila siku nilimwekea chakula, na wewe nikakuweka ukakae njia ya bara umtazamie, mtoto wa watu, mvua na jua, na hukulalamika. Kadhi aliniita akaniambia nisubiri apatikane shahidi wa pili. Nikaona nimeshinda. Majivuno, mwanangu, ni chakula kitamu, na mimi nilikula mpaka nikavimba. Lakini aliyekuwa akifunga tumbo ni wewe, kwa kuwa hukuruhusiwa kulia.

Ndipo Bwana Tavio aliporudi. Mwembamba zaidi, sharubu zimeanza mvi, ana kasha jipya la taa na tepe zilizooshwa Ulaya. Akatangaza ataonyesha picha kwenye uwanja karibu na forodha. Lakini nguo yake kubwa ya kuonyeshea ilikuwa imeliwa na panya melini. Akatafuta mjini nguo nyeupe kubwa, hakupata. Watu walikuwa wanavaa magunia siku zile.

Mimi nilikuwa nayo. Unajua desturi yetu, mtu mzima huweka sanda yake mapema. Baba yako alinunua bafta vipande viwili, chake na changu, vikakaa sandukuni na kafuri na udi, na hata njaa ilipotukaba sikuviuza. Nikamwambia Bwana Tavio, "Chukua." Bi Tatu akashika kichwa. "Mwanaidi! Sanda ya mume wako watu waitazame wamekaa kama harusini?" Nikamjibu kwa sauti, ili mtaa wote usikie, "Mume wangu yuko hai, sanda haihitaji. Acha ifanye kazi nyingine!" Nikavishona vipande viwili ubavu kwa ubavu kwa mkono wangu, na mshono ulinyooka kama kamba ya mwashi. Wakaitundika kati ya nguzo mbili, wakaimwagia maji ili mwanga upenye.

Wewe siku ile ulikuwa mbele na wanaume, ulikuwa umekwisha kujipachika kwa Bwana Tavio kumshikia mikebe. Sisi wanawake tuliwekwa nyuma ya nguo. Walisema ndiyo adabu, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na nguo katikati. Tukaketi. Mwanga ukaja, na watu wakatokea wanatembea juu ya bafta, na wanawake wakapiga kelele nusu ya vigelegele nusu ya dua.

Kisha Bi Tatu akasema, "Lakini mbona wote mashoto?"

Ni kweli. Kwetu nyuma kila mtu alikuwa anakula kwa kushoto, anaandika kwa kushoto, Mdachi anapiga saluti kwa kushoto. Tukacheka. Mmoja akasema, "Ulaya wamewageuza!" Mwingine akasema, "Hata forodha imehama, ilikuwa kulia!" Hatukuelewa kuwa picha ikitazamwa kwa nyuma hugeuka. Bwana Tavio, aliyelelewa kwenye vioo, alikuwa upande wa wanaume, hapakuwa na wa kumuuliza.

Halafu ukaja mtaa wetu. Nyumba yetu, nyeupe. Dirisha, limefungwa. Na msafara unapita, na wanaume kule mbele wakaanza kuwataja mmoja mmoja: yule fulani, Mungu amrehemu, yule naye, Mungu amrehemu. Sauti zao zilikuwa zinashuka kila jina. Kisha nikamwona mtu mwenye mwiko kiunoni amesimama chini ya dirisha, akatazama juu, akainua mkono akasalimu.

Watu wakasema, "Salumu! Salumu fundi!"

Mimi nikasimama nikasema, "Siye!"

"Mwanaidi, ni yeye, tazama mwendo."

"Siye! Mume wangu hajapata kumsalimu mtu kwa mkono wa kushoto tangu azaliwe! Huyo ni mtu mwingine!" Nilikuwa na furaha, nakwambia kweli. Niliona hata picha inanipa ushahidi. Bwana Tavio aliposikia kelele akasimamisha. Watu wote wakataka irudiwe. Akaurudisha utepe. Na hapo, sijui miguu yangu ilitumwa na nani, nikazunguka nguzo, nikapita kati ya wanaume wote wa Kivinje bila kusema hodi, nikasimama mbele ya nguo. Ulinishika leso ukasema, "Mama, kaa." Sikukaa.

Akaja tena. Safari hii mkono ulikuwa wa kulia.

Alisimama pale pale chini ya dirisha langu lililofungwa, akainua mkono wa kulia, na midomo yake ikaenda. Mashine ile haina sauti, lakini mimi sauti nilikuwa nayo, nilikuwa nayo miaka yote. Nikasema, "Waalaikumu salaamu, Salumu. Waalaikumu salaamu warahmatullahi wabarakatuh." Nilisema kwa nguvu. Na uwanja wote, wanaume mbele na wanawake nyuma, ukaitika pamoja nami. Mpaka leo watu wa Kisiwani huhadithia, na wanasema waliisikia wakiwa kule ng'ambo ya maji. Hilo ni la kutia chumvi, lakini mimi siwakanushi.

Kisha akashusha mkono, akaanza kwenda. Akatembea juu ya kipande chake, akavuka mshono, akaingia kwenye kipande changu. Na nyuma yake kabisa, amebeba ndoo ya chokaa, kichwa ameinamisha, alikuwa Mfaume.

Nyuma yake tangu Kivinje. Kama alivyosema.

Wakafika ukingo wa nguo wakatoka. Nami sikwenda kuchungulia huko walikotokomea, kama watoto walivyofanya. Nilijua hakuna mtu. Mtu aliyemzika baba yako alikuwa amekuja barazani kwangu kuniambia, na nilimfukuza kwa sababu nilifunga dirisha siku moja nikaogopa kulifungua.

Asubuhi nilimpeleka Bwana Tavio kwa kadhi aeleze jambo la nyuma na mbele ya nguo, akaeleza kwa kioo cha kunyolea, na kadhi akaupokea ushahidi wa Mfaume. Mwalimu wa chuoni alinung'unika juu ya picha, kisha akaomba kutazama mara moja zaidi, kwa uchunguzi. Halafu nikaenda Miteja kwa miguu, na mbuzi kwa kamba. Mfaume alikuwa anapalilia. Nikapiga goti penye tuta nikasema, "Shemeji, nimekuja kukuomba radhi na kuuliza kaka yako alisema nini mwisho."

Akapalilia tuta lile mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umechelewa, shemeji. Wali umepoa." Akamtazama mbuzi. "Lakini nyama itapashika." Tukalia wote wawili, na mbuzi akala kunde zake.

Alichosema baba yako mwisho ni hiki, nimekaa nacho, leo nakupa: "Mwambie Mwanaidi dirisha la mashariki linavuja, chokaa ya pale sikuichanganya vizuri." Basi. Hakuniachia laana, wala wasia wa kuandikwa. Aliniachia dirisha. Nimekaa eda yangu miezi minne na siku kumi, nikaweka matanga, na wewe ukalia hatimaye, ukalia kama mtoto mdogo na ndevu zimeanza kuota. Nilikaa nje ya mlango wako nikasikiliza, sikuingia. Nadhani nilifanya vyema, ingawa sina hakika.

Ndiyo maana ulipokuja kuniambia unataka kwenda Ulaya na Bwana Tavio, ambako sasa wanajenga nyumba nzima za vioo kwa ajili ya picha, nilisema hapana. Nilisema hapana kwa goti, kwa mvua, kwa mashamba, kwa ndoto. Sababu ilikuwa moja, nawe uliijua. Juzi ulisimama mlangoni ukaniuliza kwa upole, "Mama, na mimi utanifungia dirisha?" Kisha ukatoka. Sikula siku ile, na kila mtu anajua mimi sikosi kula.

Leo alasiri nikaenda kwa Bwana Tavio na Mfaume na Bi Tatu wawe mashahidi. Nikamwambia, "Mwanangu mchukue. Kazi anaijua, na mkono wake umetulia kuliko wako, usikatae." Akacheka, hakukataa. "Lakini utamrudisha, na utepe wa Salumu utakuja nao."

Akakuna sharubu. Akasema, "Mama Hamisi, mimi naleta. Apa ya mimi." Akaingia ndani, akatoka na mkebe ule wenye kamba nyekundu. "Na mama yangu pia naleta. Hapa kwako. Kwa mtu mwingine mimi hapana weza."

Unaona nilivyo na mume mmoja kwenye utepe na sasa nina wifi wa Kitaliani kwenye utepe mwingine. Nani mwingine Kivinje anaye?

Huko uendako, Hamisi, utaona mengi kutoka upande mmoja wa nguo. Nami nilijua mkono wa baba yako kuliko mtu yeyote, nikakosea. Sikwambii zaidi, utajua mwenyewe pa kuzunguka. Na Bwana Tavio akianza kuguna ule wimbo wa kufulia akiwa hana kasha mkononi, ujue anamkumbuka mama yake. Mletee chai, usimuulize.

Bafta ipo sandukuni. Mshono sijaufumua, na sitaufumua. Kesho meli ikipiga king'ora mtapita hapa chini na mizigo. Dirisha la mashariki Mfaume amelipaka chokaa upya leo, na litakuwa wazi, na mimi nitakuwa nimesimama hapo, nimevaa. Inua mkono. Paza sauti kama baba yako. Nitaitika mpaka wanisikie Mchinga.

Watu nimekwisha kuwaalika waje uani siku ya picha, utakaporudi. Miteja wanakuja wote, Kisiwani wanakuja, na wa Mchinga walio hai. Mfaume atachinja. Safari hii wanawake watakaa mbele, na wanaume watakaa nyuma ya nguo, waone wenyewe mashoto yao. Usiniaibishe kwa kuchelewa. Ni baada ya mwaka huu kupita, usiku wa kuamkia Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi.